Maziwa, Nafaka na Nguvu za Mwili

Msomaji, ukifika Garsen, karibu na Mto Tana, utawakuta majirani wawili ambao riziki zao hazifanani. Mpokomo hulima mpunga, mahindi na ndizi kwa kutegemea mafuriko ya mto. Muorma hufuga ng'ombe, na tangu zamani maziwa ni tegemeo lake. Je, ni chakula cha nani kiletacho nguvu? Swali hili lina historia yake katika nchi ya Kenya.

Katika mwaka wa 1931, John Boyd Orr, mtaalamu wa lishe kutoka Uskoti, na J. L. Gilks, daktari wa serikali ya kikoloni, walitoa taarifa juu ya afya ya Wamaasai na Wakikuyu. Waliona kwamba wanaume wa Kimaasai, waliokula maziwa, nyama na damu, waliwazidi wanaume wa Kikuyu kwa inchi 5 za kimo na ratili 23 za uzito, na nguvu za misuli yao zilizidi kwa nusu. Mtu mwenye haraka angekata shauri kwamba mkulima ni dhaifu kwa asili. La, hasha! Taarifa yenyewe ilitaja chakula kuwa sababu, wala si kabila. Tena wanawake wa Kikuyu walikula mboga za majani kuliko waume zao.

Walakini maziwa nayo hayamfai kila mtu. Mwaka 2007 wataalamu walionyesha kwamba wafugaji wengi wa Kenya na Tanzania wamerithi uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa hata ukubwani. Asiyeurithi huenda akaumwa tumbo. Kuna pia watoto wachache sana wazaliwao na maradhi ya galaktosemia. Miili yao haiwezi kuitumia sehemu moja ya sukari hiyo, hata maziwa ya mama huwa sumu kwao. Kijana wa namna hiyo hujenga misuli yake kwa vyakula kama samaki na mayai, na mifupa yake kwa mazoezi na madini anayopimiwa na daktari.

Basi, msomaji, usimcheke mwenzako akatiaye kikombe cha maziwa, wala usimpime mtu nguvu kwa kabila lake. Uliza kwanza amekula nini, na mwili wake umejaliwa kupokea nini.