Mawakili wa Mungu

Ayubu wa Biblia si mtulivu kama wahubiri wanavyotuambia. Sura mbili za mwanzo anasujudu na kuvumilia; ya tatu analaani siku aliyozaliwa, kisha anataka shauri lake lisikilizwe na Mungu mwenyewe. Rafiki zake Elifazi, Bildadi na Sofari waliketi naye chini siku saba bila kusema neno, na ndiyo kazi bora waliyofanya. Walipofungua vinywa wakawa mawakili: Mungu ni mwenye haki, wewe umepigwa, basi kuna ulilotenda. Katika sura ya 42 Mungu anawakasirikia hao waliomtetea, na kusema aliyenena yaliyo sawa ni Ayubu. Yule mlalamikaji!

Nabii Ayubu wa Qur'ani ana maneno machache: aya mbili katika sura ya 21, nne katika sura ya 38. Anasema dhara imempata na kwamba Mola anarehemu kuliko wote. Ombi lenyewe halitaji. Anaamriwa apige ardhi kwa mguu, na hapo pana maji baridi ya kuoga na kunywa. Wengine husema huyu ni mnyenyekevu na yule mkaidi. Mimi naona pia kwamba huyu hakuletewa Elifazi. Anaugua bila kushtakiwa.

Katika Uislamu mawakili walikuja baadaye. Wamu'tazila, kundi la wanatheolojia, walifundisha kuwa Mungu hana budi kumtendea mja lililo bora. Inasimuliwa kwamba al-Ash'ari alimuuliza mwalimu wake, al-Jubba'i, mmoja wao, habari za ndugu watatu: mchamungu, kafiri na mtoto aliyekufa mdogo. Mtoto akiuliza kwa nini hakuachwa aishi apate daraja ya kaka yake? Mwalimu akajibu: Mungu alijua angekuja kuasi. Al-Ash'ari akasema: basi kafiri naye atalia, mbona mimi hukuniua mdogo? Mwalimu akakosa jibu.

Al-Ash'ari akashika njia nyingine: Mungu ni mmiliki, atendalo ndilo jema. Matangani tunasema kazi ya Mungu haina makosa, Waislamu kwa Wakristo, na mara nyingi mfiwa hajamaliza hata kulia. Lakini kama jema ni lolote litendwalo na Mungu, kumwita mwema hakumwambii mfiwa kitu. Ayubu mmoja anadai haki, mwingine anataja rehema, na kila mmoja anajua maana ya anachokitaja. Kwa hilo nawaona karibu zaidi na al-Jubba'i aliyeshindwa kuliko mwanafunzi aliyemshinda.