Nguruwe Pori Dume wa Mwaya na Mapito Yake ya Usiku

Nguruwe pori anayeharibu mihogo, karanga na mpunga katika mashamba ya Afrika Mashariki ndiye ambaye wanasayansi humwita Potamochoerus larvatus. Asichanganywe na ngiri. Ngiri hula mchana kweupe na hukimbia mkia juu. Nguruwe pori hushinda kichakani na hutoka giza likiingia. Aliyekomaa huwa na uzito wa kati ya kilo 60 na 115. Ana masikio marefu yenye ncha na singa za rangi hafifu mgongoni, na dume huota vinundu vigumu juu ya pua, ambavyo kwa dume mzee huonekana wazi. Macho yake si mazuri. Pua na masikio ndivyo humlinda.

Watu wengi husema huyu ni mnyama wa usiku kwa maumbile, na hapo wanamaliza habari. Ukweli una sehemu mbili. Pale asipobughudhiwa, hasa majira ya baridi, hutembea na kula hata jua likiwa juu. Anapozungukwa na watu na mbwa, husogeza maisha yake gizani. Mwaka 2018 Kaitlyn Gaynor na wenzake walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa tafiti 76 kuhusu spishi 62 za mamalia katika mabara sita, na wakaona kwamba karibu na binadamu shughuli za usiku huongezeka kwa kiwango cha mara 1.36. Maana yake, mnyama ambaye angegawa muda wake nusu kwa nusu hufikisha asilimia 68 usiku. Wawindaji wa Marekani wanaomfuata kulungu wa mkia mweupe wana lalamiko hilohilo juu ya madume makubwa: kamera iliyofungwa mtini humnasa saa nane za usiku, mchana hakuna anayemwona. Dume hajahama. Amelala, mara nyingi si mbali.

Mwaya, wilayani Kyela kusini magharibi mwa Tanzania, ni mahali pazuri kwa mnyama wa tabia hiyo. Tambarare ya Kyela hupokea zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huipitia ikielekea Ziwa Nyasa. Penye mto pana matete, na penye matete shamba haliko mbali: mpunga, migomba, mihogo, kakao, michikichi. Maji yakijaa mwezi wa Machi na Aprili, malalo ya bondeni hufurika na wanyama hutafuta miinuko yenye vichaka. Kwa hiyo njia iliyofahamika Januari yaweza kuwa tupu Aprili, na mlinzi anayeendelea kukaa kwenye dungu lile lile analinda mahali ambapo adui alishahama.

Kosa la kawaida ni kumtafuta dume pale alipokula. Shimo la mihogo iliyofukuliwa linaonyesha alikokuwa usiku wa manane, na saa hiyo si ya mwindaji. Alama zifuatwe kinyumenyume, kutoka shambani kurudi malaloni. Asubuhi baada ya mvua ndiyo saa yenyewe: tope la jana limefutwa, na kilichoandikwa ni cha usiku huu. Kwato zake ni pana na butu mbele, na kwenye tope laini vidole vidogo vya nyuma huacha alama. Unyayo wenye kingo kali na maji yasiyotulia ndani yake ni mpya. Utando wa buibui uliokatiza njia, ukiwa mzima, unasema hakuna aliyepita tangu ulipofumwa. Kisha tazama miti. Dume hukwangua magome kwa pembe zake na kuacha harufu, na matope yaliyokauka kwenye shina hukupa makadirio ya kimo chake. Karibu na malalo utakuta dimbwi la kujigaragaza, mapito yenye marundo ya majani, na handaki la matete ambalo mtu hupita kwa magoti tu.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Iwapo shamba liko kilomita mbili kutoka malaloni, na mnyama anaondoka jua linapozama huku akisimama kila hatua kunusa, atafika shambani giza limetanda. Lakini malaloni pale aliinuka kukiwa bado na mwanga. Kadiri mwindaji anavyokaribia malalo ya mnyama ndivyo anavyojiongezea dakika za mchana, na kadiri anavyokaribia ndivyo hatari ya kunuswa inavyokua.

Hapo ndipo upepo unapotawala kila kitu. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko ziwa, hewa huvuma kutoka majini kuelekea kaskazini; usiku hewa ya baridi huteremka kutoka Rungwe na Milima ya Livingstone kuelekea majini. Anayemvizia alasiri akitokea upande wa ufuko anatangaza harufu yake ndani ya matete yote. Apitie nyuma, upande wa milima, amsubiri nguruwe akiwa baina yake na ziwa. Wakati wa magharibi hewa husita na kugeuka, na ni afadhali kuondoka kimya kuliko kuharibu mahali. Siku za mwera, upepo wa kusini unaochafua ziwa, mambo huwa rahisi zaidi kwa kuwa upepo haubadiliki na kelele ya matete hufunika hatua.

Msako wa watu wengi na mbwa una sifa zake. Huko Unguja, ambako wengi hawali nyama hiyo, wasasi hutoka na mbwa kulinda mashamba. Lakini kwa maoni yangu ni njia dhaifu kwa dume mzee: hulala kimya hadi mstari wa watu umpite, kisha hurudi nyuma yao. Akibanwa, pembe zake za chini, zinazonolewa na zile za juu kila afungapo mdomo, hupasua mbwa tumbo. Tena katika kundi dume mkuu hutembea na majike na hutetea watoto, jambo lisilo la kawaida kwa nguruwe.

Yote haya yana mpaka wa kisheria. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inahitaji leseni, nayo inakataza kuwinda usiku, kutumia taa, sumu na mitego ya nyaya. Gobore nalo lina leseni yake. Mkulima aliyevamiwa aanzie kwa mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya.

Jambo la mwisho linawahusu hata wasiowinda. Nguruwe pori aweza kubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila kuugua, ilhali nguruwe wa kufugwa hufa kwa wingi, na tiba hakuna. Matumbo na damu vifukiwe kina kirefu palepale alipoangukia, viatu na visu vioshwe kabla ya kukaribia banda, na mabaki ya nyama yasichanganywe na pumba za nguruwe wa nyumbani.