Jeraha Mbele ya Baraza la Ndoa

Tarehe 10 Desemba 1520, nje ya mji wa Wittenberg, Martin Luther alitupa motoni hati ya Papa iliyomtishia kutengwa na Kanisa. Tunapofundisha tukio hilo, mara nyingi tunaishia kwenye hati. Tunasahau kwamba siku hiyo vilichomwa pia vitabu vya sheria za kanisa, na kwamba sheria za ndoa zilikuwa ndani ya vitabu hivyo. Kwa karne nyingi mume na mke waliogombana katika Ulaya ya magharibi walipelekwa mbele ya mahakama ya kanisa. Luther alitaka jambo hilo likome. Katika kijitabu chake cha ibada ya ndoa cha 1529 alieleza kwamba ndoa ni jambo la dunia hii na taratibu zake ni za watawala; mchungaji akiombwa, abariki na kuomba. Lakini watu hawakuacha kubisha mlangoni kwake. Mwaka uliofuata ilimbidi aandike kitabu kuhusu mashauri ya ndoa, na mwaka 1539 Wittenberg ikapata baraza ambamo wanatheolojia na wanasheria waliketi pamoja.

Kiti ambacho Luther alijaribu kukikwepa, sisi wachungaji wa Tanzania tulikaribishwa tukikalie mwaka 1971.

Sheria ya Ndoa Na. 5 ya 1971, iliyotanguliwa na Waraka wa Serikali Na. 1 wa 1969, ilikusanya chini ya paa moja ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za kimila na za kiserikali. Kwa wakati wake ilikuwa sheria ya ujasiri. Kifungu cha 66 kilitamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inasema vinginevyo. Kifungu cha 101 kikaweka sharti: anayetaka talaka aupeleke kwanza mgogoro wake kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na baraza lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Mabaraza hayo yapo katika kata, na Waziri alipewa uwezo wa kulitambua baraza ambalo jumuiya imejiundia yenyewe. Kwa mlango huo makanisa na misikiti iliingia katika kazi ya usuluhishi wa kisheria.

Nia ilikuwa njema, wala siibezi. Ndoa nyingi zimepona mbele ya wazee wenye busara. Lakini tazama jambo hili: mbele ya baraza, wakili haruhusiwi kumsemea mtu. Na kwa miaka mingi wakili hakuruhusiwa pia katika mahakama ya mwanzo, ambako ndiko watu wengi wa vijijini hupeleka mashauri yao. Mwanamke aliyepigwa alisimama peke yake mara mbili, kwanza mbele yetu, kisha mbele ya hakimu. Mwaka 2021 ndipo sheria iliporekebishwa na mawakili wakaruhusiwa katika mahakama za mwanzo zinazoongozwa na hakimu mkazi. Kwenye baraza bado yuko peke yake.

Nilipokuwa mchungaji kijana nilikaa katika kikao cha namna hiyo, katika usharika ambao sitautaja. Mama mmoja aliketishwa mkabala na mumewe, hatua mbili hivi kati yao. Tulifungua kwa sala. Kisha tukamwambia aeleze tangu mwanzo. Alianza katikati. Alisema jambo lilitokea wakati wa masika, baadaye akasema Krismasi. Tulipomuuliza juu ya jeraha la mkononi, alitabasamu akatazama sakafu. Mzee mmoja akauliza mbona hakusema siku ile ile. Mumewe alizungumza kwa utaratibu, tarehe kwa tarehe, sauti ya chini. Mimi ndiye niliyekuwa naandika. Niliandika kwamba maelezo ya mama yanajichanganya, na tukawarudisha nyumbani wakaombe pamoja.

Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa sijui kiwewe ni nini.

Wakati huo elimu hiyo ilikuwa tayari ipo. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliingiza katika orodha yao rasmi ya magonjwa hali inayompata mtu baada ya tukio la kutisha, kwa sehemu kubwa kutokana na msukumo wa askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam. Mwaka 1992 daktari Judith Herman alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba askari aliyetoka vitani na mwanamke anayepigwa nyumbani wanafanana katika majeraha yao. Kumbukumbu hukatika vipande. Mpangilio wa siku hupotea. Mwili hukakamaa, au uso hutabasamu bila furaha. Herman alitaja hatua tatu za kupona: kwanza usalama, kisha kukumbuka na kuomboleza, na baadaye kuungana tena na watu. Sisi tulianza na hatua ya tatu, tena na yule yule aliyejeruhi.

Mawakili nao wamejifunza hayo polepole, na mahakamani kujichanganya huhesabiwa kuwa uongo kwa haraka kuliko hata kwetu. Wakili anayekielewa kiwewe humwona mteja faraghani, mwenzi wake asiwepo hata barazani pa kusubiri. Anaeleza mapema nini kitatokea, nani atauliza, na kwamba inaruhusiwa kuomba kupumzika. Anamwacha aanzie popote, kisha yeye ndiye anayepanga habari kwa tarehe, akitafuta kadi ya kliniki, fomu ya polisi, jirani aliyesikia. Hivyo mteja hasimulii aibu yake mara saba kwa watu saba. Hamchagulii cha kufanya, maana aliyenyimwa uamuzi nyumbani asinyimwe tena ofisini. Pale usuluhishi unapokuwa hatari, kifungu hicho hicho cha 101 kimeacha nafasi ya kuiomba mahakama itambue mazingira yasiyo ya kawaida na kuliruka baraza.

Wakili wa kulipwa ni ghali, hilo linajulikana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na kamati ya msaada wa kisheria tangu miaka ya 1960, na kufikia 1990 wanasheria wanawake walikuwa na chama chao, TAWLA. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria walioko mitaani na vijijini. Hao hawaruhusiwi kusimama mahakamani, lakini wanaweza kukaa na mtu, kumwelekeza na kumsaidia kuandaa nyaraka. Wengine ni waumini wetu, wanaimba kwaya zetu, na hatujawahi kuwauliza lolote.

Tamari katika 2 Samweli 13 hakupata hata mmoja wa watu hao. Kaka yake alimtaka anyamaze kwa kuwa aliyemtenda ni ndugu. Mfalme, baba yao, alikasirika sana na hakufanya neno. Shauri lilibaki ndani ya familia, na baada ya miaka miwili likazaa mauaji. Nimelihubiri fungu hilo mara mbili tu katika miaka yote ya utumishi wangu, na mara zote mbili kuna mtu aliyenisubiri nje baada ya ibada.

Yule mama hakurudi kwetu. Alikwenda kwenye baraza la kata akiwa na msaidizi wa kisheria aliyemsindikiza hadi mlangoni, na huko akapewa hati. Jalada letu bado lipo kabatini mwa usharika, lina mwandiko wangu.