Jina Lililotangulia Ujuzi: Historia ya Istilahi ya Retinitisi Pigmentosa na Suala la Kuiswahilisha

Istilahi nyingi za tiba huzaliwa kabla ya ujuzi ambao ungezihalalisha, na zikishazoeleka huwa vigumu kuziondoa. Mfano mmojawapo ni retinitisi pigmentosa, ugonjwa wa kurithi unaompata takriban mtu mmoja kati ya 4,000. Mgonjwa huanza kwa kushindwa kuona gizani. Baadaye uga wake wa kuona husinyaa kutoka pembeni, hata akawa kama anayechungulia ulimwengu kupitia bomba.

Kabla ya 1851 hakuna tabibu aliyeweza kuitazama barabara retina ya mtu aliye hai. Mwaka huo Hermann von Helmholtz alichapisha maelezo ya chombo chake cha kumulikia ndani ya jicho. Chombo hicho kilipokelewa upesi mjini Utrecht, ambako van Trigt alieleza madoa meusi ya retina mwaka 1853, na Franciscus Donders akaupa ugonjwa huo jina mwaka 1857. Hapo ndipo lilipo tatizo. Katika Kigiriki cha kale, kiambishi -itis hakikuwa na maana ya uvimbe wala joto. Kilihusisha tu ugonjwa na kiungo fulani, kama kihusishi "-a" katika "ugonjwa wa viungo". Lakini kufikia karne ya 19 matabibu wa Ulaya walikuwa wamekifanya alama ya uvimbe unaotokana na mwili kujihami. Anayesoma jina hilo leo hudhani kwamba retina imevimba, ilhali seli zake zinakufa polepole kwa sababu ya kasoro ya jeni.

Si haki kumlaumu Donders. Kaswende, iliyoenea sana zama zake, huacha katika retina madoa yanayokaribia kufanana na hayo, na kipimo cha damu cha kuitambua hakikupatikana hadi 1906. Hata hivyo, ushahidi wa urithi haukukawia: mwaka 1861 Richard Liebreich alionyesha, kutokana na uchunguzi wake mjini Berlin, uhusiano wa ugonjwa huo na uziwi na ndoa za ndugu wa damu. Theodor Leber alipendekeza jina jingine mwaka 1916, lakini lile la kwanza halikung'oka. Kasoro ya kwanza ya jeni ilitambuliwa mwaka 1990, katika jeni ya rodopsini.

Kwa Kiswahili suala hili si la historia pekee. Lugha hii imezoea kuyafasiri majina ya -itis kwa neno "homa": homa ya ini, homa ya uti wa mgongo. Mfasiri akifuata mkondo huo atapata "homa ya retina", na mzazi atakayelisikia atauliza, kwa haki kabisa, homa hiyo itashuka lini na kwa dawa gani. Hatauliza kuhusu wadogo zake mgonjwa, wala kuhusu wajomba walioacha kutembea usiku.

Lakini kufuta kila dalili ya uvimbe nako ni kosa. Upo ugonjwa mwingine wa kurithi, adimu zaidi, ulioelezwa nchini Marekani mwaka 1990 na kuhusishwa na jeni ya CAPN5 mwaka 2012. Huo huleta uvimbe halisi: seli za kinga hujaa katika ute wa jicho, mishipa mipya huota, na retina huweza kubanduka. Daktari asiyeuliza habari za ukoo huweza kuutibu kama yuveitisi ya kawaida. Hapa neno "uvimbe" ni sahihi. Linalopungua ni "kurithi".

Wajerumani wengi sasa husema retinopathia pigmentosa, wakiwa wamebadilisha kiambishi na kuacha mengine yalivyo. Kiswahili, ambacho bado hakijafungwa na mazoea katika jambo hili, kinaweza kusema "udhoofu wa retina wa kurithi". Ni jina refu, ila neno lake la mwisho ndilo ambalo familia inapaswa kulisikia kwanza.