Kiyoyozi kisipopoza, gesi si jibu la kwanza

Msimu wa kaskazi unapopamba moto Mombasa, kati ya Desemba na Machi, fundi wa viyoyozi hutafutwa kama daktari. Malalamiko ni yale yale: mtambo unanguruma, upepo unatoka, lakini chumba hakipoi. Jibu nalo aghalabu ni lile lile: gesi imekwisha, iongezwe. Mwenye nyumba hulipa, hustarehe kwa miezi kadhaa, kisha humwita fundi tena.

Gesi ya kiyoyozi haichomwi ikaisha kama petroli ya gari. Huzunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyozibwa, ikifyonza joto chumbani na kulitema nje. Ikipungua, basi pana tundu mahali, na kuiongeza bila kuziba tundu hilo ni kutia maji kwenye pakacha. Mara nyingi tundu hujulikana kwa doa la mafuta kwenye maungio ya mabomba, kwa kuwa mafuta ya kompresa huvuja pamoja na gesi. Mitambo ya zamani hutumia gesi aina ya R-22, ambayo huharibu tabaka la ozoni na inakomeshwa hatua kwa hatua chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. Aina ya gesi huandikwa kwenye kibandiko cha sehemu ya nje, wala haifai kuchanganywa na nyingine.

Kabla ya kufikia gesi, kuna vumbi. Vichujio vya sehemu ya ndani huchomolewa kwa mkono baada ya mtambo kuzimwa, vikaoshwa kwa maji na kukaushwa kivulini. Kwa mtambo unaotumika kila siku, kazi hiyo yafaa ifanywe kila wiki mbili. Kichujio kikiziba, hewa hupita kwa shida, na unyevu hugeuka barafu juu ya mabomba ya ndani. Barafu hiyo isikwanguliwe kwa kisu. Mtambo uachwe kwenye feni pekee hadi iyeyuke. Ikirudi ilhali vichujio ni safi na feni inazunguka sawasawa, hapo ndipo gesi hushukiwa. Katika majumba yenye mtambo mmoja unaosambaza hewa kupitia darini, kichujio kwa kawaida huwa kwenye tundu kubwa linalovuta hewa ya chumbani.

Maji yanayotiririka ukutani huwatia watu hofu bure. Hewa ya Pwani imejaa unyevu, na kiyoyozi huukamua. Paipu ya kutolea maji ikizibwa na ute au wadudu, maji hufurika ndani. Dawa yake ni kuizibua kwa kuivuta uchafu kutoka upande wa nje.

Chumvi ya bahari ndiyo adui wa sehemu ya nje. Hula mapezi membamba ya alumini, hasa kwenye nyumba zinazotazamana na bahari. Baada ya kuzima swichi kuu, yaoshwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi na yasiyo na kasi, maana mapezi hupindika upesi. Wako pia wanaoufungia mtambo ndani ya kizimba kwa kuhofia wezi. Kikibana mno, hewa ya moto hurudi ilikotoka na umeme huliwa bila faida.

Umeme ukipotea na kurejea, kompresa isiwashwe kabla ya dakika 3 hivi, ili shinikizo la gesi litulie. Ikivuma bila kuanza, huenda kapasita imekufa. Kifaa hicho hubakia na umeme hata baada ya swichi kuzimwa, kwa hivyo ni kazi ya fundi.

Fundi naye ana maswali ya kujibu kabla ya kulipwa. Tundu liko wapi? Je, limezibwa na mabomba kujaribiwa kwa shinikizo la naitrojeni? Je, hewa ilinyonywa kwa pampu kabla ya gesi kutiwa? Baada ya robo saa ya kuwashwa, kipimajoto huonyesha matokeo: mtambo mzima kwa kawaida hutoa hewa iliyo baridi kwa nyuzi 8 hadi 12 kuliko inayoingia, ingawa siku ya unyevu mwingi tofauti huwa ndogo kidogo.