Miaka ya Ukomavu wa Muhammad Ali

Mkulima wa Michenga, karibu na Ifakara, aingiapo shambani mwake wakati mpunga unapokaribia kuiva, hatosheki na rangi ya shamba zima. Hushika suke na kulichungua. Punje za nchani huwa zimekwisha kukauka na kugeuka rangi ya dhahabu, hali zile za chini zingali laini na pengine zina maziwa ndani. Akingoja za chini zikauke kabisa, za juu zitapukutika. Akivuna kwa tamaa ya za juu, za chini zitakuwa mapepe. Hapana siku moja ambayo suke lote huwa katika ubora wake. Mvunaji hana budi kukata shauri, na kujua anapoteza nini.

Mwanahistoria wa mchezo wa ngumi yumo katika shida iyo hiyo aulizwapo ni lini mpiganaji wa uzito wa juu alikuwa katika kilele chake. Miguu, macho, mikono, pumzi na akili ya ulingoni havikomai pamoja, wala havizeeki pamoja. Swali hili hubishaniwa sana juu ya Muhammad Ali, aliyezaliwa Louisville, Marekani, tarehe 17 Januari 1942. Kwa Waafrika lina uzito wa peke yake, kwani pigano ambalo wengi wao hulishika kuwa ndilo upeo wa maisha yake lilipiganwa katika ardhi ya Afrika, mjini Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974.

Katika riadha shida hii ni ndogo zaidi. Filbert Bayi wa Tanzania alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 mjini Christchurch tarehe 2 Februari 1974, na maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51 mjini Kingston, Jamaika, Mei 1975. Saa haina upendeleo, wala haiongezi mwendo kwa sababu mshindani alikuwa mzee au mgonjwa. Mpiga ngumi hana saa. Kipimo chake ni mtu mwingine, na mtu huyo naye ana kupanda na kushuka kwake.

Aghalabu wajuzi wa ngumi huchagua usiku wa 14 Novemba 1966 mjini Houston, Ali alipomshinda Cleveland Williams katika raundi ya tatu. Alikuwa na miaka 24. Filamu ya usiku ule yaonyesha miguu isiyotulia, makonde yasiyotanguliwa na ishara, na mpinzani anayepiga hewa. Lakini Williams alikuwa amepigwa risasi na polisi mwaka 1964, akapoteza figo moja. Kuupima uwezo wa Ali kwa Williams ni kupima kina cha mto Kilombero kwa pondo iliyovunjika. Ushahidi ulio bora ni wa 22 Machi 1967, alipomwangusha Zora Folley katika raundi ya saba mjini New York. Folley hakuwa kijana, lakini alikuwa na afya yake, na alikuwa mpiganaji wa hadhari na maarifa. Huo ulikuwa ushindi wa 29 katika mapigano 29.

Kisha pakawa kimya. Tarehe 28 Aprili 1967 Ali alikataa kuingizwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Alinyang'anywa ubingwa na ruhusa ya kupigana, na mwezi Juni mahakama ikamhukumu kifungo cha miaka mitano. Hakuingia gerezani, kwa kuwa alikata rufani. Lakini hakuingia ulingoni pia, mpaka 26 Oktoba 1970 mjini Atlanta. Mahakama Kuu ya Marekani ilimwondolea hatia mwezi Juni 1971, wakati ambapo haki ile haikuweza kumrudishia alichokosa tangu umri wa miaka 25 hadi 28. Wanaotafuta kilele chake katika orodha ya mapigano hutafuta mahali penye mwangaza tu. Yamkini punje zilizokuwa bora kuliko zote zilipukutika katika miaka ile, na hapana aliyeziokota.

Ali aliyerudi hakuwa na miguu ya zamani. Tarehe 8 Machi 1971 alipigana na Joe Frazier raundi zote 15, akaangushwa katika ile ya mwisho, na akashindwa kwa pointi. Usiku ule ulifunua jambo ambalo ujana wake ulikuwa umelificha: mtu huyu aliweza kupigwa sana na asivunjike. Watazamaji wakaliita kipaji. Kwa kweli lilikuwa deni.

Hapo ndipo pa kulitazama pigano la Kinshasa. George Foreman alikuwa na miaka 25, ameshinda mapigano yote 40. Frazier alimwangusha mara sita katika raundi mbili. Ken Norton naye hakuivuka raundi ya pili. Na wote wawili walikuwa wamewahi kumshinda Ali. Ali, mwenye miaka 32, alianza kwa kurusha mkono wa kulia moja kwa moja, jambo ambalo mpiganaji mwenye hekima huliogopa. Tangu raundi ya pili akaegemea kamba, akakinga uso, akamwacha Foreman ampige mbavuni na mikononi mpaka nguvu zimwishe. Katika raundi ya nane akamwangusha. Kwa akili ya ulingoni, hapana pigano lake lililolipita hilo. Hata hivyo kijana wa 1967 asingelihitaji kamba, miguu ingelimtosha. Werevu ule ulizaliwa na upungufu. Kadhalika ushindi peke yake si hoja: Foreman huyo huyo alitwaa tena ubingwa Novemba 1994, ana miaka 45, na hapana asemaye kuwa huo ndio ulikuwa umri wa ubora wake.

Basi kilele cha Ali na kiwekwe Machi 1967. Kumweka Kinshasa, kwa mapenzi ya Afrika yaliyo halali kabisa, ni kuyasifu yale makonde aliyoyapokea. Na aliendelea kuyapokea, Manila mwaka 1975 na baadaye. Mwaka 1984 ilitangazwa kwamba ana maradhi ya kutetemeka, na ijapokuwa chanzo chake kimebishaniwa, si rahisi kuyasahau makonde hayo katika hesabu.

Watanzania walimwona kwa macho yao mwanzoni mwa Februari 1980, ana miaka 38. Rais Carter alimtuma aishawishi Afrika isiende kwenye michezo ya Olimpiki ya Moscow, kwa sababu ya majeshi ya Urusi kuingia Afghanistan. Rais Nyerere hakukubali kuonana naye. Waandishi wa Dar es Salaam walimwuliza Marekani ilikuwa wapi mwaka 1976, Afrika iliposusia Montreal kwa ajili ya ubaguzi wa Afrika Kusini. Bayi, wakati ule na miaka 23, alikuwa miongoni mwa walioikosa Montreal. Saa nayo haipimi mbio zisizokimbiwa. Moscow alikwenda, akapata medali ya fedha katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji.

Miezi minane baada ya safari ile, tarehe 2 Oktoba 1980 mjini Las Vegas, Ali alipigana na Larry Holmes, aliyewahi kuwa mshirika wake wa mazoezi. Baada ya raundi ya kumi mwalimu wake, Angelo Dundee, alilisimamisha pigano. Katika mapigano 61 ya maisha yake, hilo ndilo pekee aliloshindwa kabla ya raundi kwisha. Wanaolihesabu katika sifa za Holmes wameishika tena pondo ile iliyovunjika.