Macho ya Halifax, vioo vya Nairobi

Muulize muuzaji wa utando wa kulinda madirisha, awe Dar es Salaam au Nairobi, na neno la kwanza litakalomtoka ni mwizi. Kibaka akirusha jiwe, atakwambia, kioo kitapasuka lakini hakitamwagika, naye atabaki nje akihangaika mpaka mlinzi aamke. Ni kweli kwa kiasi chake. Lakini wezi walikuja baadaye sana katika historia ya kitu hiki. Chanzo chake ni majeraha ya macho na nyuso, na anayeupima utando kwa mwizi peke yake atauona dhaifu pale ulipo imara, na imara pale ulipo dhaifu.

Tarehe 6 Desemba 1917 meli ya Kifaransa Mont-Blanc, iliyosheheni baruti za vita, iligongana na meli ya Kinorwe Imo katika mlango mwembamba wa bandari ya Halifax, Kanada. Haikulipuka papo hapo. Iliwaka kwa takriban dakika 20, na moshi wake ukawa tamasha la mji: wafanyakazi viwandani, watoto waliokuwa wakijiandaa kwenda shule, kina mama majumbani, wote walisogea madirishani. Mlipuko ukawakuta nyuso zao ziko karibu na vioo. Watu karibu 2,000 walikufa na wengine kama 9,000 waliumia. Katika hesabu iliyotokana na kazi ya madaktari 12 wa macho, majeruhi 592 walitibiwa, macho 249 yaliondolewa, na watu 16 waliondolewa yote mawili. Mwaka 1918 Kanada ilianzisha taasisi ya kitaifa ya kuwahudumia wasioona. Wahanga wa Halifax, pamoja na askari waliorudi vitani bila macho, walikuwa miongoni mwa sababu zake.

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998 mambo yalijirudia Nairobi kwa namna inayotisha. Kabla ya lori la mabomu kulipuka nyuma ya ubalozi wa Marekani, pale Barabara ya Moi inapokutana na ya Haile Selassie, washambuliaji walirusha guruneti. Kishindo hicho cha kwanza kiliwafanya watu maofisini wafanye ambalo binadamu yeyote angefanya: waliinuka kwenda kuchungulia. Balozi Prudence Bushnell, aliyekuwa mkutanoni na waziri wa biashara katika jengo la jirani la ushirika, ameeleza kuwa wengi mle chumbani walikwenda dirishani, naye akawa wa mwisho kunyanyuka. Kuchelewa huko kulimwokoa. Waliokufa Nairobi walikuwa 213, na asubuhi hiyo hiyo wengine 11 walikufa Dar es Salaam. Majeruhi wa Nairobi walihesabiwa kwa maelfu, na wengi wao hawakuwa na lolote na ubalozi: walikuwa makarani wa majengo ya jirani, abiria, wapita njia. Jumba la Ufundi, lililopakana na ubalozi, liliporomoka, lakini mbali zaidi, ambako kuta zilisimama, kilichokata watu kilikuwa kioo.

Sababu ya watu kukutwa madirishani ni ya kimaumbile. Mwanga hufika kabla ya wimbi la hewa, na mara nyingi kuna moto au kishindo kidogo kinachotangulia. Huko Chelyabinsk, Urusi, tarehe 15 Februari 2013, kimondo kilipita angani kikiwaka kuliko jua. Watu wakakimbilia madirishani kutazama, na zaidi ya dakika moja ikapita kabla wimbi halijafika. Watu wapatao 1,500 walikwenda kutibiwa, wengi wakiwa wamekatwa na vioo. Na kioo cha kawaida, kile kilichomo katika nyumba nyingi zetu, hakivunjiki kwa upole. Hutoka vipande virefu vyenye ncha, na wimbi huvirusha ndani ya chumba.

Wazo la kuzuia kioo kisitawanyike ni la zamani kuliko plastiki tunayoijua leo. Mwaka 1903 Mfaransa Édouard Bénédictus aliangusha chupa ya maabara ambayo ndani yake kemikali ya selulosi ilikuwa imekauka. Ilipasuka lakini haikusambaa. Mwaka 1909 akasajili uvumbuzi wa vioo viwili vilivyogandishwa na utando katikati, vilivyotumika baadaye katika barakoa za gesi za Vita vya Kwanza vya Dunia. Kilikuwa kioo kizuri, ila kilihitaji kununuliwa kipya. Aliyekuwa tayari na dirisha lake hakupata msaada.

Vita vya Pili vilipokuja, Waingereza walijaribu njia rahisi. Picha za London za miaka ile zinaonyesha madirisha yaliyobandikwa vipande vya karatasi vilivyokatizana kama herufi X. Vilipendeza kwenye picha na kuwapa watu moyo, lakini vilisaidia kidogo, kwa kuwa kati ya kipande na kipande kioo kilibaki huru. Wavu wa kitambaa uliogandishwa kwenye uso mzima wa kioo ulifaa zaidi, na ndio uliowekwa kwenye mabasi na treni za chini ya ardhi. Hapo likazuka tatizo lingine: abiria waliubandua ili waone kituo walichofika, mpaka yakachapishwa mabango yenye katuni ya bwana mstaarabu Billy Brown akiwasihi wauache. Kinga inayomnyima mtu kuona nje haidumu, na hilo lilitatuliwa na kemia. Mwaka 1941 John Rex Whinfield na James Tennant Dickson walivumbua poliesta huko Uingereza, na katika miaka ya 1950 ikaanza kutengenezwa kuwa utando mwembamba, mgumu na angavu. Mwaka 1966 kampuni ya Marekani ya 3M ilipata hataza ya utando wa madirisha, lakini kwa ajili ya kupunguza joto la jua. Mabomu ya IRA, wanamgambo wa Ireland, mijini Uingereza ndiyo yaliyoupa kazi ya kushika vioo, ukiunganishwa na mapazia marefu ya wavu yenye uzito chini, yaliyotengenezwa kunasa vipande. Bomu la Manchester la tarehe 15 Juni 1996 halikuua mtu, kwa kuwa watu walikuwa wameshahamishwa, lakini zaidi ya 200 waliumia, wengi kwa vioo.

Atauliza mtu: mabomu ni nadra, kwa nini mwenye duka la simu agharimike? Ni swali la haki. Jibu ni kwamba kioo hakichagui kinachokivunja. Mtungi wa gesi ukilipuka, jiwe likirushwa siku ya maandamano, mtoto akijikwaa kwenye mlango wa kioo, vipande ni vile vile. Mwingine atasema grili zinatosha. Grili humzuia mwizi kuliko utando wowote, na sioni haja ya kubisha. Lakini hazizuii kipande hata kimoja kuingia ndani, na moto ukiwaka zilizofungwa bila bawaba humzuia mwenye nyumba kutoka. Utando nao una deni lake hapo: zimamoto wakitaka kuvunja dirisha lililobandikwa watachelewa. Na kuhusu mwizi, mwenye nyundo na dakika za kutosha atapita. Faida iko kwa yule anayetegemea kuvunja, kunyakua na kukimbia, kwani biashara yake ni sekunde.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wahandisi. Fundi hunyunyizia kioo maji ya sabuni, huteleza utando juu yake, husukuma maji yatoke kwa mpira, kisha hukata kingo kwa wembe, akiacha mwanya mwembamba kati ya utando na fremu. Kwa jiwe la mtoto hiyo yatosha. Kwa mlipuko mkubwa, dirisha zima linaweza kung'oka kama ubao mmoja na kumpiga aliye ndani. Ndiyo maana majengo yenye hatari kubwa hutumia utando mnene, mara nyingi mikroni 200 au zaidi, ukishikizwa kwenye fremu kwa silikoni maalumu au vipande vya chuma, na fremu yenyewe ikifungwa vizuri ukutani. Tinti nyeusi ya kuzuia jua, nyembamba kuliko hiyo mara kadhaa, haina kazi hapa hata ikiuzwa kwa jina la usalama. Mwenye kujenga leo afadhali anunue kioo cha tabaka, mtoto halali wa chupa ya Bénédictus. Utando ni wa majengo yaliyokwisha kusimama, na katikati ya miji yetu hayo ndiyo mengi: ghorofa za miaka ya 1960 na 1970 zenye madirisha mapana na fremu za chuma zilizoanza kula kutu, ambazo hakuna mwenye nyumba atakayezibomoa ili abadilishe vioo.